Walt Disney na Bahari Yake ya Barafu

Wasomaji wa gazeti letu wenye kumbukumbu nzuri hawajasahau kwamba nilipokuwa kidato cha pili nilisimama katika ukumbi wa chakula, usiku wa Jumamosi, nikatoa hotuba fupi juu ya wanyama wa nchi za baridi. Katika hotuba ile nilieleza habari za panya wadogo waitwao lemingi, wakaao huko karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Nilisema kwamba kila baada ya miaka kadhaa hukusanyika kwa maelfu, wakaenda mbio mpaka ukingoni mwa bahari, wakajitupa majini kwa hiari yao wakafa. Nilipigiwa makofi mengi. Hotuba yenyewe ilinakiliwa kwa mwandiko mzuri, ikabandikwa katika ukuta wa chumba cha jiografia.

Habari ile ni ya uongo. Sikuitunga mimi, lakini niliisema kwa sauti kubwa mbele ya shule nzima, na tangu nilipoujua ukweli sina raha kila nipitapo mlangoni mwa chumba kile. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri anipe kurasa chache nieleze maisha ya mtu ambaye uongo ule ulienea duniani kwa picha yenye jina lake. Mtu huyo ni Walter Elias Disney, Mmarekani, ambaye hapana mtoto asiyelijua jina lake. Sikukusudia kumshitaki. Kadiri nilivyosoma habari zake ndivyo nilivyozidi kumpenda, na hapo ndipo taabu yangu ilipo.

Mimi sijapata kuona barafu ila ile inayouzwa katika vifuko dukani, na ile ya kilele cha Kibo niliyoiona kwa mbali nikiwa ndani ya basi la Moshi. Disney aliijua barafu tangu utotoni, tena kwa ubaya wake.

Alizaliwa Chicago tarehe 5 Desemba 1901, mtoto wa nne katika watoto watano. Baba yake, mzee Elias, alikuwa seremala na mjenzi, mtu mkali, asiyekaa mahali pamoja. Alijaribu ukulima karibu na mji mdogo wa Marceline katika jimbo la Missouri, shamba likamshinda, na mwaka 1911 akaihamishia jamaa yake Kansas City. Huko alinunua haki ya kugawa magazeti katika sehemu moja ya mji, akawatia kazini wanawe wawili, Roy na Walt. Walt alikuwa hajatimiza miaka kumi.

Waliamka usiku, kabla ya alfajiri, siku zote saba za juma. Wagawaji wengine walikuwa wakiyatupa magazeti uani na kupita zao. Mzee Elias aliikataa desturi hiyo. Kila gazeti lilikuwa sharti liwekwe mlangoni, na wakati wa baridi liwekwe ndani ya mlango wa nje, lisipeperushwe wala lisilowe. Basi kila nyumba ilikuwa na ngazi zake za kupanda, na ngazi zenyewe zilikuwa na barafu. Theluji ilimfika mtoto kiunoni, na mahali upepo ulipoirundika ilimpita kimo. Mara nyingine alijibanza katika ukumbi wa jumba la wapangaji kwa kuwa mlikuwa na joto, usingizi ukamchukua, akashtuka kunakucha na magazeti bado yamo mfukoni. Aliifanya kazi hiyo miaka sita na baba yake hakumlipa mshahara. Hata alipokuwa mtu mzima, tajiri mwenye sifa, bado aliota kwamba ameiruka nyumba moja na baba yake anamngoja kwenye kona ya njia. Sisi tuamshwao na kengele kwenda mchakamchaka, tukanung'unika mpaka saa ya uji, tungefaa kuifikiri ndoto hiyo.

Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa yaelekea mwisho, alitaka kwenda Ufaransa kuendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu. Alikuwa na miaka kumi na sita, na iliyotakiwa ilikuwa kumi na saba. Mama yake alitia sahihi, naye Walt akachukua kalamu, akageuza mwaka wa kuzaliwa kutoka 1901 kuwa 1900. Huu ndio uongo wake wa kwanza nilioukuta. Alipofika Ufaransa vita ilikuwa imekwisha. Mimi nina miaka kumi na saba mwenyewe, sikuona neno la kumlaumu.

Habari za sinema zake zinajulikana, nitazipita upesi. Kampuni yake ya kwanza ya katuni, huko Kansas City, ilifilisika mwaka 1923, akapanda gari moshi kwenda Hollywood na dola 40 mfukoni. Yeye na kaka yake Roy wakaanza upya. Mwaka 1928 aliponyang'anywa katuni yake ya sungura kwa hila za mkataba, akatoa ya panya, naye ndiye Mickey Mouse. Mwaka 1937 akaonyesha Snow White, katuni ndefu ambayo watu wa Hollywood walikuwa wameitabiria kuwa itamwangamiza, nayo ikamtajirisha. Mwaka 1941 wachoraji wake waligoma, na waliomjua walisema kwamba tangu siku hizo moyo wake ulipoa kidogo kwa katuni, akaanza kutazama pande nyingine.

Upande mmoja alioutazama ni kaskazini. Alikuwa amewatuma Alaska mume na mke, Alfred na Elma Milotte, wapige picha za maisha ya huko. Walituma futi nyingi mno za filamu, juu ya wavuvi, wachimba madini, na kila kitu. Kilichomvutia Disney ni sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya, wakusanyikao kuzaa katika visiwa vya Pribilof. Agosti 1947 alikwenda Alaska yeye mwenyewe pamoja na binti yake Sharon. Picha ilipokuwa tayari, kampuni iliyokuwa ikisambaza sinema zake iliikataa, kwa kuwa waliona hapana mtu atakayelipa fedha kutazama sili nusu saa. Disney akaikodishia nafasi katika jumba moja la sinema huko Pasadena mwisho wa mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Ndipo ukaanza mfululizo wa picha za wanyama ambao aliuita kwa jina lenye maana ya mikasa ya maisha ya kweli. Mume na mke wale wale wakaja kwetu Afrika, wakazunguka karibu miaka mitatu, Kenya na Tanganyika zikiwamo, na picha yao ya simba ikatoka mwaka 1955. Namwomba msomaji aliweke akilini hilo neno kweli, maana nitalirudia.

Mwaka huo huo wa 1955, tarehe 17 Julai, alifungua bustani yake ya burudani, Disneyland, mahali palipokuwa mashamba ya michungwa katika mji wa Anaheim, California. Iligharimu dola milioni 17. Alikuwa amekopa hata kwa dhamana ya bima ya maisha yake. Siku ya kufungua kulikuwa na joto kali, lami iliyomwagwa karibuni ikawa laini, viatu vya akina mama vyenye visigino virefu vikazama, na watu wengi waliingia kwa tiketi za kughushi. Ndani ya bustani hiyo palikuwa na mto wa mashua uliofanana na mito ya Afrika na Asia. Disney alitaka humo viboko na mamba wa kweli. Wajuzi wa wanyama wakamwambia kwamba mnyama wa kweli hulala mchana na kujificha, na wageni wa saa nane hawataona kitu. Basi akawaweka wa mashine. Mashua zilikwenda juu ya reli iliyolala chini ya maji, na maji yakatiwa rangi ya matope ili reli isionekane. Hapo nilicheka, nikikumbuka jinsi tulivyokaa saa tatu ndani ya gari katika safari yetu ya mbuga, tukaona kiboko mmoja, naye masikio tu.

Sasa nifike kwenye Agosti 1958, mwezi ambao kwangu mimi ndio kiini cha maisha yake, ingawa sijaona mtu mwingine aliyeufanya hivyo.

Tarehe 3 ya mwezi ule nyambizi ya Marekani iitwayo Nautilus, iliyoendeshwa kwa nguvu za atomu, yenye watu 116, ilipita chini ya barafu mpaka penye ncha ya kaskazini ya dunia. Ilikuwa ya kwanza kufika pale kwa njia ya chini ya maji. Bustani ya Disney ilikuwa inatafuta jambo jipya la majini. Fikira za kwanza zilikuwa za mashua yenye sakafu ya kioo, ili wageni watazame samaki. Disney hakuridhika, akataka nyambizi.

Zilijengwa nane, rangi ya kijivu, na zikapewa majina ya nyambizi za kweli za jeshi la nchi yake, Nautilus ikiwa mojawapo. Juni 1959 zilianza kuchukua watu. Kila moja ilichukua abiria 38, wakashuka kwa ngazi kupitia tundu la juu, wakaketi safu mbili wakipeana migongo, kila mtu na kidirisha chake cha duara. Sasa msomaji atazame ujanja wake. Nyambizi zile hazikuzama hata shibiri moja. Zilikwenda juu ya reli, nusu ndani ya maji na nusu nje, siku zote. Lakini viti vilikuwa chini ya usawa wa maji, na wakati wa kuzama ulipotajwa, mapovu mengi yalipulizwa yakapanda mbele ya vidirisha. Jicho likiona mapovu yanapanda huuambia mwili kwamba wewe unashuka, na mwili hukubali. Kisha nyambizi ilipita penye maporomoko ya maji, ikaingia gizani. Abiria hawakujua kwamba wameingia ndani ya jumba lililofichwa kwa miamba ya bandia. Mlemo walionyeshwa mabaki ya merikebu zilizozama. Halafu maji yakawa na mwanga wa baridi, na juu yao ukatokea upande wa chini wa barafu ya ncha ya kaskazini, vilima vilivyoning'inia kichwa chini, jinsi mabaharia wa Nautilus walivyopita chini yake. Baada ya barafu walifuata samaki wa vilindini wenye taa zao, mji uliomezwa na bahari, nguva, na mwisho joka la baharini lenye macho ya kuchekesha. Safari nzima haikufika dakika kumi, nao wakatoka wakajikuta kwenye jua la Anaheim.

Barafu ile ilifanywa kwa vitu vya kiwandani na kupakwa rangi. Samaki walikuwa wa bandia. Maji yalitiwa dawa ili yabaki meupe watu waone mbali, na dawa hiyo ilichujua rangi za samaki, hata ikabidi ziwa likaushwe mara kwa mara mafundi washuke na brashi zao. Nimejaribu kumfikiri Disney mwenyewe ameketi kwenye kidirisha, mtu wa miaka hamsini na saba, akiitazama theluji isiyomlowesha. Katika theluji ya Kansas City alikuwa na mfuko wa magazeti mabegani. Katika hii hakuwa na mzigo.

Alizionea fahari sana nyambizi zake, akapenda kutamba kwamba yeye naye ana manowari kama dola kubwa. Septemba 1959 Nikita Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, alipotembelea California alitaka kuiona bustani, lakini wakuu wa usalama walikataa kwa sababu hawakuweza kumlinda. Khrushchev alikasirika hadharani. Disney naye alisikitika, maana alikwisha jiandaa kumwonyesha jeshi lake la majini.

Hilo ni jambo la kwanza la Agosti 1958. La pili ni kwamba mwezi huo huo ilitolewa picha ya wanyama wa nchi za barafu, White Wilderness, katika ule mfululizo wa maisha ya kweli. Nayo ilipata Oscar. Ndimo walimo lemingi wangu. Huonekana wakikimbia kwa wingi juu ya theluji, wakafika genge, wakaanguka majini, na sauti ya msimulizi ikaeleza kwamba wanaelekea bahari ya kaskazini na mauti yao.

Mwaka 1982 watangazaji wa televisheni ya Kanada walifichua jinsi sehemu ile ilivyopigwa. Ilipigwa Alberta, jimbo lisilo na bahari, wala lemingi wale hawakuwa wa huko. Walinunuliwa kutoka Manitoba, ambako watoto wa Wainuit waliwakamata. Walikuwa wachache. Waliwekwa juu ya meza ya kuzunguka iliyofunikwa theluji, wakapigwa picha kila upande mpaka wakaonekana jeshi. Kisha wakasukumwa kutoka ukingoni, wakaanguka mtoni. Bahari ile ilikuwa mto. Dubu mweupe mchanga anayeporomoka kwenye mteremko wa barafu katika picha hiyo hiyo alipigwa picha ndani ya studio katika mji wa Calgary.

Ukweli wa lemingi ni huu. Huzaana upesi sana, na kila baada ya miaka michache idadi yao hupanda, kisha huanguka vibaya. Wakizidi mahali huhama, na wakikuta mto huogelea, maana wanajua kuogelea, na baadhi yao hushindwa wakafa maji, kama mtu avukaye mto uliofurika. Hapana hata mmoja ajiuaye.

Nimejiuliza kwa nini nyambizi hainichukizi na picha inanichukiza, hali zote mbili ni barafu ya uongo ya mtu yule yule. Barafu ya Anaheim haikumdanganya mtu. Baba aliyempandisha mwanawe katika nyambizi alijua kwamba yumo California na kwamba atakula chakula cha mchana dakika kumi baadaye. Alilipa ili adanganywe macho, akashangaa kazi ya mafundi, akaondoka na akili zake. Aliyeingia sinema kutazama White Wilderness aliambiwa ni kweli, akatoka akaenda kufundisha. Baadhi yao walikuwa walimu, wengine waandishi wa vitabu, na habari ikapita mkono kwa mkono miaka mingi hata ikamfikia mvulana wa kidato cha pili mwenye kupenda makofi. Tena wanyama wa mashine hawakuumia. Disney hakuwapo Alberta. Kazi ilifanywa na watu wake. Lakini jina lililoandikwa mwanzoni mwa picha ni lake, kama ambavyo gazeti lililokosa kufika mlangoni lilihesabiwa juu ya Walt, hata njia iwe na theluji kiasi gani. Baba yake angemngoja kwenye kona.

Mwaka 1964, katika Maonyesho ya Dunia ya New York, alitoa safari nyingine ya mashua yenye wanasesere wa watoto wa mataifa yote wanaoimba wimbo mmoja, kwa ajili ya UNICEF. Ilihamishiwa Anaheim mwaka 1966. Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara tangu ujana. Novemba madaktari walimkuta na kansa ya mapafu, na tarehe 15 Desemba 1966 akafa katika hospitali iliyokabili studio yake, siku kumi baada ya kutimiza miaka 65.

Hapa sina budi kumjibu mwenzangu wa kitanda cha juu, ambaye amelieneza katika bweni letu kwamba Disney hakuzikwa, bali amegandishwa ndani ya barafu angojee dawa ya kansa. Mwili wake ulichomwa siku mbili baada ya kifo, kwa taratibu za jamaa yake, na majivu yake yapo katika makaburi ya Forest Lawn, Glendale. Mtu wa kwanza kugandishwa kwa nia hiyo alikuwa mwingine kabisa, James Bedford, mwezi Januari 1967. Mwenzangu amesoma aya hii kabla haijakwenda kwa Mhariri, naye anashikilia kwamba majivu si ushahidi.

Nyambizi zilifanya kazi mpaka 1998, zikasimamishwa. Mwaka 2007 zilirudi zimepakwa manjano, na zinaonyesha hadithi ya samaki mdogo Nemo. Ncha ya kaskazini haimo tena katika safari. Mchoraji wake wa zamani, Marc Davis, alichora katika miaka ya 1970 safari nzima ya mashua kupitia jumba la Malkia wa Theluji, yenye dubu weupe na majitu ya barafu, iwaburudishe wageni waliochoka na jua. Haikujengwa, ilibaki michoro. Mashua ya namna hiyo ilipatikana mwaka 2016 katika bustani ya Florida, kwa hadithi ya Frozen, ambayo wadogo zetu huiimba mpaka tukakimbia nyumba.

Mwalimu wa jiografia amenikubalia kuibandua ile karatasi ya lemingi, kwa sharti kwamba niandike nyingine ya ukubwa ule ule ya kufunika mahali pake. Nimeianza. Nimemchora lemingi mmoja, anaogelea, na ng'ambo ya mto inaonekana.